Mchango hulipa hospitali, kodi ya nyumba hulipwa na nani?

Uvimbe wa dada yangu mdogo ulitibiwa kama jipu la ziwa kwa miezi saba. Alikuwa akinyonyesha, ana miaka 36, na kila aliyemwona alisema ni maziwa yameganda. Zahanati moja ikampa antibiotiki, ya pili ikampa antibiotiki nyengine, na mama mmoja mtaani akamkanda kwa maji moto. Hakuna aliyemwambia jambo ambalo leo namwambia kila dada anayenyonyesha: jipu la ziwa likitibiwa huondoka. Ukimaliza dozi na uvimbe ungali pale pale, usikubali dozi nyengine ya kubahatisha. Dai ultrasaundi, na kikionekana cha kutilia shaka, dai kinyama kikatwe kipelekwe maabara.

Kwenye kinyama ndipo wengi wetu hukwama. Utasikia shangazi akisema kansa ikiguswa na chuma hutawanyika mwilini. Madaktari wanaeleza vyengine. Wengi waliokatwa kinyama kisha wakafariki walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na sindano ndiyo ikabeba lawama. Bila majibu ya maabara hakuna daktari atakayeanza dawa, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayosema ni saratani ya aina gani, na kama inalishwa na homoni za mwili au la. Yetu yalichukua wiki tatu. Kila karatasi tuliipiga picha kwa simu kabla haijaingia kwenye faili, maana faili hupotea.

Sasa nizungumze pesa, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi za huku kwetu huvunjika kimyakimya.

Dada yangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake kila alfajiri. Siku njema alibaki na shilingi mia saba, mia nane. Pesa hiyo ndiyo iliyokuwa kodi, stima, ada ya madrasa na mchango wa chama. Muuza mahamri hana likizo ya ugonjwa. Tena mumewe, kibarua wa mjengo, siku ya kliniki humpeleka yeye, kwa hivyo na siku yake hupotea. Maradhi ni ya mtu mmoja lakini riziki zilizokatika ni mbili.

Tulifungua kundi la WhatsApp, na alhamdulillah pesa za skani zilipatikana kwa siku mbili. Watu wa Pwani kwa mchango wa hospitali hatujambo. Kufika mwezi wa tatu kundi likanyamaza. Siku ya dozi yake ya tatu ilipofika, alituambia ataenda wiki ijayo. Kumbe nauli ya tuktuk alikuwa amenunulia unga. Dawa zake hutolewa kila baada ya wiki tatu, na mpangilio huo una maana yake katika tiba. Alicheleweshwa mara ya kwanza na watu wasiopima, na mara hii alicheleweshwa na njaa.

Basi ndugu wanne tukakaa, tukatenga pesa za nyumba mbali na za hospitali. Kila tarehe moja kila mmoja hutuma kiasi chake, kodi hulipwa, nauli ya kliniki huwekwa kando. Meza ya mahamri haikufungwa. Binti wa jirani hupika, faida wanagawana, maana moshi na harufu ya mafuta vinamtapisha mgonjwa. (Mahamri ya binti bado hayajafikia ya dada yangu, na wateja hawamfichi.)

Kuna wanaodhani zaka haifai kupewa ndugu. Muulize sheikh wako, lakini wanazuoni wengi wanasema anayezuiliwa ni yule ambaye tayari ni wajibu wako kumlisha, kama mzazi, mtoto na mke. Ndugu aliyefukarika au kuzama kwenye madeni anaingia, na ndani yake mna kuunga udugu.

Bima nayo isisubiri maradhi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kujiandikisha ni kwa kubonyeza *147#. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba hutakiwa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwa uchache, na muuza mahamri hawi nazo kwa mkupuo. Hiyo ni kazi ya ndugu kumtangulizia. Pia ulizeni mapema kiasi kilichobaki, kwa sababu matibabu ya saratani yana kikomo kwa kila familia kwa mwaka, na dozi haingoji kikomo kifunguke.

Upasuaji wake umepangwa mwezi ujao. Atakaa wiki kadhaa bila kuinua sufuria, na kodi ya wiki hizo tumeshaipigia hesabu.