Vidonge vya vitamini vyaweza kudhuru

Mwaka 1985 watafiti nchini Finland walianza kuwapa wanaume wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, kile kinachoipa karoti rangi yake na ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A.

Matumaini yalikuwa makubwa, kwani ilikwisha kuonekana kuwa wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupatwa na saratani ya mapafu kwa nadra.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Kati ya wanaume 29,133, wale waliomeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao, na vifo vyao vilizidi kwa asilimia 8.

Wako waliosema ni sadfa tu. Hata hivyo, Januari mwaka 1996 uchunguzi kama huo nchini Marekani, uliowahusu wavutaji sigara, walioiacha, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, ulisitishwa miezi 21 kabla ya wakati. Waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wameugua saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi.

Karoti, basi, si sawa na kidonge. Vitamini C ikizidi, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Vitamini A huyeyuka katika mafuta na kujilimbikiza kwenye ini.

Kwa mja mzito, ziada hiyo yaweza kumlemaza mtoto tumboni. Ndiyo maana nchini Uingereza wajawazito huonywa wasimeze vidonge vya vitamini A, wala wasile maini, chakula ambacho Waswahili wengi hukisifu kwa kuongeza damu.

Si vidonge vyote vya kuogopwa. Uingereza hiyo hiyo huwashauri wanawake kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Wenye asili ya Afrika nao hushauriwa kufikiria mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, kwani ngozi nyeusi haipati ya kutosha kutokana na jua hafifu la huko.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka huo huo wa 1994 haimlazimu mtengenezaji kuthibitisha mbele ya serikali kuwa vidonge vyake ni salama kabla ya kuviuza. Mamlaka huingilia kati baadaye, pengine mtu ameshadhurika.

Mvutaji sigara, au aliyeiacha, asome kibandiko cha chupa: vidonge vingi vyenye mchanganyiko wa vitamini vina beta-karotini ndani yake.