Rangi Zinazofichua Kifo cha Seli

Katika kata ya Mlali, wilayani Mvomero, chini ya Milima ya Uluguru, nyanya, kabichi na mboga nyingine hupuliziwa viuatilifu, na mkulima anayebeba bomba mgongoni bila glavu wala barakoa huipokea sumu hiyo kwa ngozi na kwa pumzi. Kizunguzungu na kichefuchefu huweza kujitokeza siku ileile, lakini madhara mengine huanzia ndani ya seli, na ili kuyaona watafiti hutumia rangi zinazong'aa zikimulikwa.

Seli inapotumia oksijeni kuzalisha nishati, huzaa pia molekuli kali zinazoweza kuharibu mafuta, protini na vinasaba. Zikizidi uwezo wa vimeng'enya na vitamini zinazozidhibiti, hali hiyo huitwa msongo wa oksidishaji. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba klorpirifosi, kiuatilifu cha kundi la organofosfati, huweza kuuchochea. Katika kuupima, seli hai hulowekwa katika DCFH-DA, kemikali isiyo na mng'ao, ambayo ikishaingia hukatwa na vimeng'enya vya seli, kisha molekuli kali huigeuza kuwa DCF, inayotoa kijani ikimulikwa kwa mwanga wa buluu.

Seli iliyoumia sana huweza kujiua kwa utaratibu, jambo ambalo watafiti Kerr, Wyllie na Currie waliliita apoptosisi mwaka 1972. Mapema katika utaratibu huo, fosfatidilserini, mafuta yanayokaa upande wa ndani wa utando wa seli, huhamia nje, na hapo hunaswa na protini ya aneksini V iliyounganishwa na rangi ya kijani. Huongezwa pia iodidi ya propidiamu, rangi nyekundu isiyopenya utando ulio mzima. Hivyo seli hai hubaki bila rangi, inayoanza kufa huonyesha kijani pekee, na iliyokwisha kutoboka huonyesha kijani na nyekundu pamoja.

Usomaji wa vipimo hivi unadai uangalifu, kwani DCF haibainishi ni molekuli ipi iliyoizalisha, na mwanga wa hadubini wenyewe huweza kuizalisha, ndiyo maana seli zisizotiwa sumu hupimwa sambamba. Wala vipimo hivi havimpi daktari jibu kuhusu mkulima fulani. Kwa mkulima huyo, kipimo cha damu cha kimeng'enya cha kolinesterasi ndicho kinachoonyesha athari za organofosfati.

Hata hivyo, rangi hizi zinadokeza kwamba seli huweza kudhurika kabla mwenye mwili hajahisi maumivu, na kwa hiyo kutougua baada ya kupuliza si ushahidi wa usalama. Elimu hiyo isiishie katika maabara za vyuo. Maafisa ugani waifikishe Mlali, pamoja na glavu na barakoa zenye bei ambayo mkulima anaimudu.