Mafuta ya ponti na ya buati: kwa nini bidoni moja haitoshi kwa gari la 4x4

Gari la 4x4 likikwama njiani, watu hutazama kwanza injini na matairi. Lakini kwenye barabara za Kivu, Maniema na Ituri kuna ugonjwa mwingine unaoanza polepole mahali pasipoonekana: ndani ya ponti na buati ya vitesi. Mara nyingi chanzo chake ni mafuta yasiyofaa, au mafuta mazuri yaliyotiwa mahali pasipo pake.

Chukua Land Cruiser ya seri ya 70, gari linalojulikana kila kijiji kwa kubeba abiria, maharagwe, wagonjwa na dawa. Mbali na injini, gari hilo lina sehemu nne zinazohitaji mafuta ya meno: buati ya vitesi, buati ndogo inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, ponti ya mbele na ponti ya nyuma. Kila moja ina kizibo chake na kazi yake. Anayenunua bidoni moja ya «mafuta ya 90» na kuijaza kote, anaokoa dola chache leo na kujiwekea deni la kesho.

GL-4 na GL-5: alama ya kwanza ya kusoma

Ndani ya ponti, jino dogo linalotoka kwenye shafti halikutani na gurudumu kubwa katikati kabisa, bali chini kidogo. Kwa hiyo meno hayo hayasukumani tu, yanasuguana kwa nguvu kubwa. Mafuta ya kawaida yakibanwa hivyo hukimbia, na chuma hubaki kinakula chuma. Ndiyo sababu ponti inadai mafuta yenye alama API GL-5, ambayo yana dawa nyingi za salfa na fosfori zinazotengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma.

Buati ya vitesi ina mahitaji mengine. Ndani yake kuna pete, mara nyingi za shaba, zinazosaidia vitesi kuingia bila kukwaruza. Ili zifanye kazi, pete hizo lazima zishike kidogo. Mafuta ya GL-5 yanaweza kuzifanya ziteleze kupita kiasi, na baadhi ya dawa zake hula shaba kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo buati nyingi zinataka GL-4. Kuna gari ambazo kitabu chake kinakubali aina zote mbili katika buati, na zingine zinataka mafuta tofauti kabisa, hasa zile za otomatiki. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, si mazoea ya garaji. Jambo moja halibadiliki: GL-4 peke yake haifai kwa ponti ya aina hii.

Namba: baridi ya Ulaya na joto la Ngomo

Alama ya pili ni uzito wa mafuta: 75W-90, 80W-90 au 85W-140. Namba yenye herufi W inahusu baridi. Mafuta ya 80W yamepimwa kufanya kazi hadi nyuzi 26 chini ya sifuri, na ya 85W hadi nyuzi 12 chini ya sifuri. Bukavu, kwenye kimo cha karibu mita 1 500, haifikii hata mwanzo wa baridi hiyo. Hapa kwetu namba yenye kazi kubwa ni ya pili, inayoonyesha uzito wa mafuta yakiwa moto.

Na joto halikosekani. Gari lililojaa mzigo likipanda Ngomo kutoka Kamanyola kwa vitesi vidogo, ponti hupata moto kweli. Kwa gari nyingi, mafuta ya 90 yanatosha. Ya 140 yanaweza kusaidia kwenye mzigo mzito na joto la kudumu, ikiwa kitabu kinaruhusu. Lakini wako wanaoyatia ili kunyamazisha ponti inayovuma. Hiyo si dawa. Mafuta mazito huficha mlio kwa muda, rulma inaendelea kuchakaa, na gari linakula karburanti zaidi.

Maji, adui wa msimu wa mvua

Kwenye njia kama ile ya Shabunda, mafuta bora kabisa yanaweza kuharibika kwa siku moja. Ponti yenye moto ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au mipira ya kuzuia mafuta iliyochoka. Mafuta yakigeuka rangi ya kahawa ya maziwa, yameisha, hata kama yalitiwa juzi. Kinga yake ni rahisi: kusafisha tundu hilo na kulirefusha kwa mpira hadi juu, karibu na injini.

Kwa ponti ya mbele ya Land Cruiser kuna alama nyingine. Girisi kwenye vifundo vya magurudumu ikianza kuwa nyepesi na kuvuja, huenda mpira wa ndani umekufa na mafuta ya ponti yanaingia humo. Kuongeza mafuta bila kubadilisha mpira ni kupoteza pesa.

Vidanji bila haraka

Gari lisimame mahali tambarare, likiwa bado na joto kidogo. Kizibo cha kujazia kifunguliwe kabla ya kile cha kumwagia: kikikataa kufunguka wakati mafuta yameshamwagika, gari halitoki hapo. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma ni onyo. Harufu kali ya salfa isimtishe mtu, ni tabia ya GL-5. Mafuta yajazwe hadi yafike kwenye ukingo wa tundu. Yakizidi, husukuma mipira na kuvuja. Yakipungua, rulma huungua.

Ponti ya nyuma ya gari hili huchukua karibu lita 3 tu. Ukilinganisha lita hizo na bei ya seti mpya ya meno, siku za kulala njiani, abiria wanaodai pesa zao na mgonjwa asiyefika hospitalini, hesabu haina ubishi. Mafuta ya kupimiwa katika chupa isiyo na maandishi hayana wa kuyajibia. Mwenye gari aombe kuona bidoni iliyofungwa, asome GL na namba mwenyewe, kisha aandike tarehe na kilometa. Na kila akivuka maji marefu, afungue kizibo atazame rangi, bila kungoja kilometa zilizoandikwa kitabuni.