Kila Kipande Kina Nasaba Yake

Katika makasha ya wazee wetu wa Unguja na Pemba mna vipande vya madini ambavyo vijana wengi huviona kuwa ni takataka za kale. Jirani yangu mmoja alirithi kipande cha fedha kutoka kwa bibi yake. Alikipeleka kwa sonara, kikayeyushwa, kikawa bangili. Hakuna aliyekisoma kabla hakijatiwa motoni, na hadi leo hatujui kilikuwa nini. Bangili ipo, habari yake imepotea.

Hasara ya namna hii haiwapati wenye ufukara peke yao. Huwapata wote wasiojua walichonacho. Inafaa basi tujifunze kuvitambua vitu hivi na kuvipanga kwa aina zake.

Sarafu hubeba thamani iliyotangazwa na serikali. Sarafu ya ukumbusho nayo ni sarafu, ila hutolewa kwa ajili ya tukio maalumu: shilingi tano ya mwaka 1971 iliadhimisha miaka kumi ya Uhuru wa Tanganyika, na shilingi ishirini ya mwaka 1981 iliadhimisha miaka ishirini. Lakini sura ya kiongozi peke yake si ushahidi wa kutosha. Shilingi mia mbili yenye sura ya Mzee Abeid Amani Karume ni sarafu ya kawaida ya sokoni.

Medali ya ukumbusho hufanana na sarafu, lakini haikukusudiwa kununulia kitu. Nishani huvaliwa, kwa kawaida kwa utepe au pini, nayo hutunukiwa mtu kwa utumishi wake. Mfano wake ni Nishani ya Nyota Inayong'aa, iliyoasisiwa na Sayyid Barghash mwaka 1875. Tokeni hutolewa na shamba, kampuni au duka, na hupokewa pale pale tu badala ya fedha.

Baada ya kujua aina, yasomwe maandishi ya pande zote mbili na ya ukingo pia. Hapa elimu ya chuoni hutufaa sana. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, yenye picha ya mizani, imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Asiyejua hudhani ina umri wa miaka zaidi ya mia saba. Kumbe huo ni mwaka wa Hijra, unaolingana na 1882. Reale ya Maria Theresa, iliyoenea sana katika pwani yetu, ina mtego wake mwingine. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini viwanda vya nchi mbalimbali viliendelea kuipiga kwa tarehe hiyo hiyo hata katika karne ya ishirini. Tarehe ni shahidi, lakini shahidi naye huhojiwa.

Kisha kipande kipimwe. Reale halisi ina uzito wa gramu 28 hivi, na fedha haivutwi na sumaku. Wala kisisuguliwe kwa majivu au ndimu ili king'ae, kwani kusugua hufuta maandishi ambayo ndiyo nasaba yake.

Ndugu zetu maofisa wa makumbusho na wa wilaya nao wana wajibu. Lifunguliwe daftari katika kila wilaya, mwananchi alete kipande chake, kipimwe, maandishi yake yanakiliwe, na iandikwe habari ya aliyekipata na sababu ya kukipata. Kisha arudishiwe mwenyewe hapo hapo. Mwananchi akihofia kunyang'anywa, hataleta kitu.

Wazee wanaojua hadithi za vipande hivi wanapungua kila mwaka. Daftari hilo lisingoje bajeti kubwa. Kalamu, mizani ndogo na mtu mwaminifu vinatosha kuanzia.