Mita moja ya maji huko Embu: stima kwetu, na mafuriko kwetu

Mvua za bara zikizidi, redioni hutoka tangazo lile lile: bwawa la Masinga limejaa, wakazi wa kandokando ya Mto Tana kuanzia Garissa mpaka Garsen na Kipini wahamie penye mwinuko. Lilitoka mwaka 2018, likatoka tena 2024. Na barazani maswali huwa mawili. La kwanza: kwa nini wenye mabwawa wasiyaachilie maji mapema, kabla hayajajaa? La pili: maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo mitano ya stima, yawezaje kuwa bado na nguvu ya kututoa majumbani?

Haya ni maswali ya fizikia, ingawa hatuyaulizi kwa jina hilo. Na yanatutatiza kwa sababu moja ndogo ya lugha. Sisi husema "nguvu" kwa mambo manne yaliyo mbalimbali: nguvu ya kusukuma, nguvu iliyowekwa akiba, nguvu ya kufanya upesi, na nguvu ya kubana. Wataalamu wa Kiswahili wameyapa majina yake. Kani ni ule msukumo wenyewe. Kazi ni kani ikisogeza kitu. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi uliowekwa akiba. Kanieneo ni kani ikigawanywa juu ya eneo, ile tunayoiita presha. Kiasi cha kazi inayofanyika kila sekunde, ndicho kinachopimwa kwa wati, humu nitakiita kasi ya kazi.

Tuanze na mchukuzi wa maji hapa Mombasa. Amebeba mtungi wa lita 20, yaani kilo 20, anaupandisha ghorofa ya sita, tuseme mita 18. Uzito wa mtungi ni kani ya nyutoni 200 hivi. Zidisha kwa mita 18, upate juli 3,600. Hiyo ndiyo kazi aliyoufanyia mtungi, mwili wake mwenyewe tusiuhesabu. Akisimama mlangoni na mtungi begani kumngoja mwenye nyumba atafute chenji, kwa fizikia hafanyi kazi yoyote juu ya mtungi ule, kwani hausogei. (Usimwambie hivyo wakati huo.) Akitumia dakika moja kupanda, kasi yake ya kazi ni wati 60, sawa na balbu moja ya zamani.

Sasa ile yuniti ya stima unayoinunua kwa tokeni ni juli milioni 3.6. Piga hesabu: ni safari elfu moja za mchukuzi huyo, mtungi mmoja mmoja, hadi ghorofa ya sita. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja. Kila nikilipiga hesabu hilo naona stima, pamoja na malalamiko yetu yote juu ya bei yake, ni mtumishi wa ajabu.

Huyo mtumishi hutoka wapi? Sehemu yake hutoka Embu. Mito inayoshuka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hukutana ikawa Tana, na Tana unapopita mpakani mwa Embu na majirani zake Machakos na Kitui, umewekewa mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza kujengwa, likaanza kazi 1968; Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mchukuzi wa huko ni jua, ambalo huvukiza maji ya bahari na kuyapandisha mpaka yakanyesha mlimani. Bwawa huyazuia yakiwa juu na kuyaachia yashuke pale stima inapotakiwa. Tani moja ya maji ikishuka mita 100 hutoa juli milioni moja. Kwa hiyo yuniti yako moja ni tani tatu na nusu hivi za maji zilizoporomoka mita 100, kabla ya kupotea chochote njiani.

Angalia jambo hili, kwani ndilo ufunguo. Masinga ndilo bwawa kubwa kuliko yote matano. Likijaa hubeba maji zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Lakini mtambo wake ni wa megawati 40 tu. Gitaru bwawa lake ni dogo mno likilinganishwa na hilo, na mitambo yake ni megawati 225. Mto ni ule ule. Tofauti kubwa ni mporomoko: Gitaru maji huanguka zaidi ya mita 100, Masinga hayafikii hata nusu ya hapo. Megawati 225 ni wachukuzi wetu wa maji milioni tatu na robo tatu wakipanda ngazi kwa pamoja bila kupumzika. Masinga, basi, kazi yake kubwa ni ghala. Huweka maji ya msimu wa mvua ili wenzake wanne wa chini wapate chakula wakati wa kiangazi.

Na presha je? Mvuvi anayezamia chaza anaijua: kila mita 10 anazoshuka, masikio hubanwa zaidi kwa kiasi kile kile. Inayohesabiwa ni kina, si wingi. Kisima chembamba cha mita 10 hubana chini yake sawa na bahari nzima kwa kina hicho. Ukuta wa Masinga una kimo cha mita 60 hivi, na maji yenye kina cha mita 60 husukuma kila mita mraba ya chini kwa uzito wa tani 60. Ndiyo sababu kuta za mabwawa hujengwa nene chini, nyembamba juu.

Huko Meru wakulima wanaitumia kanuni hiyo bila kununua hata lita moja ya dizeli. Huchota maji ya mto juu mlimani, wakayateremsha kwa bomba hadi shambani, na mrushio wa maji ukazunguka wenyewe. Kila mita 10 za mteremko humwongezea mkulima presha ya kutosha kupandisha maji mita 10, ukiacha yanayopotea kwa msuguano. Mteremko ukizidi, bomba hupasuka. Kwa hiyo katikati ya njia hujengwa tangi lililo wazi, maji yatulie, presha ianze upya. Sisi wa ghorofa za juu Mombasa tuna shida iliyo kinyume: presha ya mfereji hutuishia ghorofa ya pili.

Turudi kwenye swali la kwanza. Uso wa Masinga likijaa ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Kila mita inayopungua hapo ni maji yasiyopita katika mitambo mitano, na mporomoko uliopungua kwa Masinga lenyewe. Mwenye mitambo, KenGen, anataka bwawa lijae, kwani kiangazi kijacho hakijulikani. Mkulima wa Ngao au Garsen anataka libaki na nafasi, limeze mvua zijazo. Mita ile ile ya maji haiwezi kuwa akiba ya mmoja na nafasi tupu ya mwingine. Kwa maoni yangu, upande wa nishati ndio unaosikika zaidi, kwani wenyewe hupima hasara kwa megawati. Hasara ya upande wetu hupimwa kwa migomba na mbuzi, na aghalabu hakuna anayeijumlisha.

Swali la pili ni jepesi zaidi. Mtambo hula nishati ya maji, hauli maji. Tani iliyoingia Gitaru ni tani inayotoka Gitaru. Bwawa likishajaa, kinachoingia juu hutoka chini, mitambo izunguke isizunguke. Na Kiambere, bwawa la mwisho, likijaa uso wake uko mita 700 juu ya bahari. Mporomoko wote ulio chini ya mtambo wa Kiambere hauna mtambo mwingine wa kuula. Mto huutumia kusugua kingo na kubeba udongo, ule unaoigeuza bahari ya Kipini kuwa nyekundu.

Kuna jambo moja ambalo tangazo la redio haliligusi. Mito ya Mutonga na Kathita, inayokusanya maji ya upande wa Meru, huingia Tana chini ya Kiambere. Hakuna hata bwawa moja kati ya matano linaloiona. Kwa hiyo aliye Garsen akisikia Masinga bado halijajaa, lakini Meru kumenyesha siku tatu mfululizo, ana sababu ya kuhamisha mbuzi wake. Vituo vya kupima kina vya mito hiyo miwili, namba zake zikasomwa redioni pamoja na zile za Masinga, vingempa saa za kufanya hivyo kabla maji hayajafika.