Shahada mbili za fedha mfululizo: Piga hesabu kabla ya kugusa mtaji

MFANYABIASHARA wa mchele katika soko la Tandale, au wa mboga pale Temeke Stereo, hahitaji kufundishwa kwamba fedha iliyolala ni hasara. Lakini mtoto wake akisema anataka kusoma shahada ya kwanza ya fedha na kuunga moja kwa moja hadi uzamili, mara nyingi mzazi huyo huyo hugusa mtaji wa genge bila kushika kalamu. Elimu ni heshima, na heshima haipigiwi hesabu.

Wazo la kuunga limetoka mbali. Huko Marekani vyuo vingi huruhusu mwanafunzi kupata shahada zote mbili kwa miaka mitano, kwa kuwa baadhi ya masomo huhesabiwa pande zote mbili. Hapa Tanzania shahada hizo kwa kawaida ni safari mbili. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 na uzamili ni ngazi ya 9. Kila moja ina maombi yake na ada yake. Ya kwanza huchukua miaka mitatu na ya pili mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hakuna somo linalolipiwa mara moja likatumika mara mbili.

Mahali pa kusomea hapakosekani. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa mwaka 1972, kiko katikati ya jiji. Wa Temeke wana Taasisi ya Uhasibu (TIA) pale Kurasini, na wa Kinondoni wana makao ya Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mlimani nako, ambako wengi bado wanakuita Kinondoni ingawa sasa ni wilaya ya Ubungo, biashara na fedha hufundishwa.

Tatizo ni nani analipa. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwalenga hasa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wa uzamili wanaopata ni wachache. Kwa maneno mengine, bumu linapokoma ndipo mfuko wa mzazi unapoanza kutobolewa. Na deni la shahada ya kwanza bado linasubiri: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaumiza wengi, ilitangazwa kufutwa Mei Mosi 2021, lakini deni lenyewe lipo pale pale.

Sasa kalamu. Tuseme uzamili utagharimu shilingi milioni 5, ada na matumizi, zinazotoka kwenye mtaji wa nyumbani ambao ungekua kwa asilimia 12 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili fedha hizo zingekuwa 6,272,000. Tuseme tena kijana mwenye shahada ya kwanza angepata kazi ya 500,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 anayokaa darasani amekosa milioni 12. Jumla ni 18,272,000. Kama uzamili utamwongezea 150,000 kwa mwezi, sawa na 1,800,000 kwa mwaka, itachukua zaidi ya miaka kumi kurudisha gharama hiyo, tena kabla ya kodi na makato.

Akisoma jioni huku anafanya kazi, ule mshahara haupotei. Kinachobaki ni 6,272,000, na kwa nyongeza ile ile kinarudi kwa miaka mitatu na nusu hivi. Si kwamba jioni ni rahisi. Anayetoka kazini Posta, akaingia darasani, kisha akapanda daladala ya Mbagala usiku, anajua bei yake. Lakini bei hiyo hailipwi na genge la mama.

Bila shaka kazi ya 500,000 si ya uhakika, na ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka kuunga: kuliko kukaa kijiweni, bora darasani. Hoja ina uzito, ila karatasi ya pili bila uzoefu wowote haimhakikishii mtu kazi. Kwa anayelenga uhasibu, mitihani ya CPA ya Bodi ya Wahasibu (NBAA), inayofanyika Mei na Novemba, inaweza kumfaa zaidi, maana anaweza kuifanya akiwa kazini. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, au aliyepata ufadhili kamili, huyo aunge. Kwake hesabu ni nyingine.

Kwa mzazi anayeamua kulipa, kuna jambo la msimu. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Mkulima wa mpunga anayeuza gunia zote mara tu baada ya kuvuna, ili ada ikae tayari, huuza bei ikiwa chini. Aulize chuo mapema kama ada hupokelewa kwa awamu na tarehe ni zipi, kisha agawe gunia zake kwa tarehe hizo.