Siri si Kutotambulika: Mitandao Inayomficha Mtumiaji na Mashambulizi Yanayoikabili

Ikisiri

Mitandao ya mawasiliano isiyomtambulisha mtumiaji huelezwa mara nyingi kwa Kiswahili kuwa ni "mitandao ya siri". Makala haya yanaonyesha kwamba jina hilo linapotosha, kwa sababu mashambulizi mengi dhidi ya mitandao hiyo hayavunji siri ya ujumbe, bali humuunganisha mtu na ujumbe wake. Makala yanafafanua ujenzi wa mitandao hiyo, hasa Tor, yanachambua baadhi ya mashambulizi yaliyokwisha kutokea, kisha yanaeleza namna lugha ya mwandishi, Kiswahili ikiwamo, inavyoweza kumfichua pale ambapo mtandao umemficha.

1.0 Utangulizi

Neno siri katika Kiswahili hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Barua iliyofungwa kwa lakiri ina siri: anayeibeba hajui kilichomo. Barua isiyo na jina la mwandishi ina jambo jingine kabisa, kwani kila mtu anaweza kuisoma lakini hakuna ajuaye ni nani aliyeiandika. Faragha nayo ni pana kuliko yote mawili. Ni haki ya mtu kuamua nani ajue nini kumhusu. Kati ya dhana hizi tatu, ya pili ndiyo isiyo na jina lililozoeleka. Katika makala haya itaitwa kutotambulika.

Kutotambulika hakuwezi kuwa mali ya mtu mmoja peke yake. Mfano wa karibu ni sanduku la posta la shule. Barua yenye S.L.P. ya shule yenye wanafunzi 800 humwambia mpokeaji kwamba mwandishi ni mmoja kati ya 800. Shule hiyo ikibaki na wanafunzi watatu, anwani ileile haifichi kitu, hata kama bahasha imefungwa vizuri namna gani.

Tofauti hii haiwahusu wanaisimu peke yao. Mtumishi wa umma anayempelekea mwandishi wa habari nyaraka za ubadhirifu, akiambiwa tu kwamba programu fulani "ina siri", anaweza kuamini kwamba aliyefichwa ni yeye, kumbe yaliyofichwa ni maneno yake. Mwajiri wake hana haja ya kuyasoma maneno hayo. Inamtosha kujua kwamba simu ya mtumishi huyo iliwasiliana na chumba cha habari saa chache kabla ya habari kutoka.

2.0 Kutoka mtunzaji mmoja hadi vituo vingi

Njia rahisi ya kumficha mwandishi ni kumpa mtu mmoja mwaminifu kazi ya kufuta majina. Mwaka 1993 Johan Helsingius wa Finland alianzisha huduma iliyojulikana kama anon.penet.fi. Ilipokea barua pepe, ikaondoa anwani ya mtumaji, ikaweka namba badala yake, kisha ikaipeleka barua mbele. Orodha iliyounganisha namba na watu ilikaa katika kompyuta moja. Mwaka 1995, kufuatia malalamiko ya Kanisa la Scientology, polisi walimtaka Helsingius atoe jina la mtumiaji mmoja, naye akalitoa. Mwaka uliofuata mahakama iliamuru utambulisho mwingine utolewe, na huduma ikafungwa.

Udhaifu huo si wa Finland tu. Desemba 2016 Maxence Melo, mwasisi mwenza wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani Dar es Salaam chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, akituhumiwa kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji. Mashauri haya mawili yanatofautiana kwa mengi, lakini yanafanana katika muundo: palipo na mtunzaji mmoja wa majina, usalama wa maelfu hutegemea msimamo wa mtu mmoja mbele ya amri.

Jibu la kihisabati lilikuwa limekwisha kupendekezwa. Mwaka 1981 David Chaum alieleza mfumo wa vituo vichanganyaji. Mtumaji hutia barua katika bahasha, bahasha hiyo katika nyingine, na hiyo katika nyingine tena, kila moja ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa kituo kimoja. Kila kituo hufungua bahasha yake, husubiri barua nyingi zikusanyike, huzivuruga mpangilio, kisha huzitoa kwa pamoja. Hakuna kituo kimoja kinachojua mwanzo na mwisho wa safari. Gharama yake ni muda: barua inaweza kusubiri saa nyingi, jambo linalovumilika kwa barua pepe lakini si kwa mtu anayesoma kurasa za intaneti.

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, David Goldschlag, Michael Reed na Paul Syverson, waliacha kusubiri huko. Walibakisha matabaka ya usimbaji fiche, yakamenywa moja baada ya jingine kama maganda ya kitunguu, lakini ujumbe ukapita papo hapo. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Tor, iliyoanza kutumika mwaka 2002 na kuelezwa rasmi mwaka 2004 na Roger Dingledine, Nick Mathewson na Syverson. Kwa kawaida ujumbe hupitia vituo vitatu. Cha kuingilia humjua mtumiaji lakini hakijui aendako, cha kutokea hujua aendako lakini hakimjui yeye, na cha kati hakijui lolote kati ya hayo mawili. Mtandao huo ulipaswa kuwa wazi kwa umma tangu mwanzo, maana mtandao unaotumiwa na wanamaji pekee humtangaza kila autumiaye kuwa mwanamaji.

3.0 Mashambulizi

Kuacha kusubiri ndiko kulikofungua mlango wa shambulizi kubwa kuliko yote. Mtu anayeona pande zote mbili za njia, yaani mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea, hahitaji kufungua bahasha hata moja. Hupima muda na wingi. Vifurushi 40 vikiingia upande mmoja saa 3:05 usiku, kisha mkondo wa umbo lilelile ukatoka upande wa pili papo hapo, na jambo hilo likajirudia mara kadhaa, shaka hupungua haraka. Tor hugawa data katika vipande vya ukubwa sawa, vilivyokuwa vya baiti 512 katika muundo wa 2004, lakini usawa wa vipande hauondoi mapigo ya safari yao. Wabunifu wenyewe walikiri katika andiko lao la 2004 kwamba mfumo haukukusudiwa kuzuia ulinganishaji wa ncha mbili. Ungamo hilo halisikiki sana katika maelezo yanayowafikia watumiaji.

Inafaa kuona hesabu inavyokwenda. Tuseme adui anamiliki sehemu moja ya kumi ya uwezo wa vituo vyote. Uwezekano wa kuzishika ncha zote mbili za njia moja ni 1 kwa 100. Ni mdogo. Hata hivyo, mtumiaji anayechagua njia mpya mara 100 atakuwa na uwezekano wa takriban asilimia 63 wa kunaswa walau mara moja. Ndiyo maana Tor humfunga mtumiaji kwa kituo kilekile cha kuingilia kwa muda mrefu. Tisa kati ya kumi hupata kituo chema na hubaki salama dhidi ya adui huyo kwa kipindi chote hicho, ilhali wa kumi huwa hatarini kila siku. Uamuzi huo una sura ya kimaadili ambayo haipaswi kufichwa nyuma ya hesabu.

Adui huongeza sehemu yake kwa kujifanya wengi. John Douceur aliliita shambulizi hilo Sybil mwaka 2002, kwa jina la kitabu kuhusu mwanamke mwenye nafsi nyingi; kwa Kiswahili laweza kuitwa shambulizi la nafsi bandia. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na mtandao unaoendeshwa na watu wa kujitolea hauna njia ya hakika ya kuwatenga. Tarehe 30 Januari 2014 vituo vipatavyo 115 vilijiunga na Tor. Vilikaa hadi tarehe 4 Julai vilipoondolewa, baada ya kushika takriban asilimia 6.4 ya uwezo wa kuingilia. Kwa kupanga kwa makusudi aina mbili za vipande, mfano wa mpiga ngoma anayepokeza mkono wa kulia na wa kushoto, vituo vya upande mmoja viliandika jina la huduma iliyotafutwa, na vya upande wa pili vikalisoma pamoja na anwani ya aliyeitafuta.

Lipo pia kosa la upande wa pili, linalotokana na kudhani kwamba kutotambulika huleta siri. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Uswidi aliendesha vituo vitano vya kutokea na kusikiliza yaliyopita. Alichapisha taarifa za kuingilia za akaunti 100 za barua pepe, zikiwamo za balozi na ofisi za serikali. Tor ilifanya kazi yake sawasawa. Watumiaji walipitisha nenosiri zao bila usimbaji wa mwisho kwa mwisho, na kituo cha kutokea kilipomenya ganda lake la mwisho, kilikutana na maneno matupu.

Kuhusu umati, tukio la Chuo Kikuu cha Harvard la Desemba 2013 linatosha. Mwanafunzi alituma vitisho vya bomu kupitia Tor ili mtihani uahirishwe. Wachunguzi hawakuuvunja mtandao. Waliangalia ni nani aliyekuwa akiutumia katika intaneti ya chuo muda huo, wakamhoji, naye akakiri. Ndiyo ile shule ya wanafunzi watatu.

4.0 Lugha yenyewe kama alama

Hata umati ukiwa mkubwa na vituo vikawa vyema, ujumbe unaosomwa na wengi hubeba mkono wa aliyeuandika. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walichunguza insha 12 za kisiasa za Marekani za karne ya 18 zilizogombaniwa na wafuasi wa Hamilton na wa Madison. Walihesabu maneno madogo ambayo mwandishi hayachagui kwa kufikiri, na hesabu ikamwelekea Madison. Mwaka 2012 kundi la watafiti, Arvind Narayanan akiwa mmoja wao, lilionyesha kwamba kompyuta inaweza kumtaja mwandishi sahihi kati ya 100,000 kwa zaidi ya mara moja katika kila tano.

Tafiti hizo zote mbili ni za Kiingereza, na mbinu zake hazihamishiki hivihivi. Mengi ambayo Kiingereza huyaeleza kwa maneno madogo yanayojitegemea, Kiswahili huyafunga ndani ya kitenzi. Alama za mwandishi zitafutwe basi katika uchaguzi wa kwamba, kuwa na ya kwamba. Katika ambaye dhidi ya kirejeshi cha ndani ya kitenzi. Katika makala hii na makala haya. Herufi moja yaweza kutosha kuelekeza upande wa mpaka: luninga hupatikana zaidi Tanzania, runinga zaidi Kenya. Anayeandika ndia badala ya njia amekwisha kupunguza umati wake hadi watu wa lahaja chache za pwani, kabla hajataja mtaa wala jina.

Kwa upande huu Kiswahili sanifu hufanya kazi ambayo waasisi wa Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hawakuifikiria: ni sanduku la posta la pamoja. Mtu wa Mombasa, wa Kigoma au wa Bujumbura anayeandika kwa usanifu mkali hujichanganya na umma mpana. Hulipia maficho hayo kwa kuacha lafudhi iliyoyapa maneno yake uzito kwa watu wa kwao, na mashahidi wengi hawatakubali bei hiyo.

Kivinjari nacho husema. Kila kinapoomba ukurasa, hutaja lugha anazozipendelea mtumiaji. Kwa sababu hiyo Tor Browser humpa mtumiaji wa lugha nyingine nafasi ya kuomba kurasa kwa Kiingereza, ili afanane na walio wengi. Mswahili aliyeweka Kiswahili kuwa lugha yake ya kwanza, akaacha mpangilio huo ulivyo, hufika kwenye kila tovuti akiwa amejitenga na sehemu kubwa ya umati uliokusudiwa kumficha. Miongozo ya usalama wa mtandao inayotafsiriwa sasa kwa Kiswahili ingepaswa kulieleza hilo katika ukurasa wake wa kwanza, na kulieleza kwa neno lisilo siri.